Mabomba ya kusimama ya baskeli Unguja na Pemba: lipi linafunguka, lipi linatupwa

Ukiingia duka la vipuri vya baskeli, liwe la Darajani au la Chake, mara nyingi utakuta mabomba ya kusimama ya aina mbili. La kwanza ni la chuma: mkono wa mbao au wa chuma, miguu miwili ya kukanyagia, hosi nyeusi, geji halina. La pili linang'aa: silinda nyembamba iliyopakwa rangi, kitako cha plastiki, geji, na kichwa chenye kishikio cha kubana. Muuzaji atakusifia hilo la pili.

Sisi hukumu tunaitanguliza. Kwa mtu wa visiwani anayetaka bomba la kukaa nalo, la chuma lenye washa ya ngozi (kikombe cha ngozi kinachoziba mwishoni mwa fimbo) ndilo la kununua, mradi silinda yake iwe imenyooka na laini ndani. La plastiki si baya likiwa jipya. Hata ni jepesi zaidi mkononi. Ubaya wake unaanza siku litakapoacha kujenga presha, kwani siku hiyo hulijui uliingilie wapi. Na siku hiyo haikosi kuja, kwa bomba lolote. Kwa hiyo hapa hatupimi bomba lipi linajaza haraka. Tunapima linaharibikaje, na linarudishwaje kazini.

Kwa nini linajaza mwanzo kisha linakataa

Bomba lililochoka halifi ghafla. Linatia upepo mpaka tairi linashika umbo, kisha mkono unashuka wote hadi chini na tairi haliongezeki. Wengi hapo hulaumu tyubu.

Hesabu yake ni hii. Chukua bomba ambalo pistoni yake inashuka sentimita 45, na tairi ambalo tayari lina psi 60, yaani bar 4 na kidogo. Upepo wa ndani ya silinda hauwezi kuingia tairini mpaka ubanwe ulingane na presha ya tairi, na hapo unakuwa umebaki kwenye takriban sehemu moja ya tano ya nafasi yake. Maana yake pistoni inashuka kama sentimita 36 ikibana tu, na upepo unaingia tairini katika sentimita 9 za mwisho. Washa inayovuja kidogo ina sentimita 36 nzima za kuvujia. Tairi likiwa tupu huuoni uvujaji huo, kwa sababu upepo unaingia tangu mwanzo wa msukumo. Ndiyo sababu bomba bovu hujaza hadi psi 20 bila tatizo na kufika 50 likashindwa. Ni sababu hiyohiyo inayofanya misukumo mifupi ya haraka ya chini chini isiongeze kitu: mkono usipopandishwa mpaka juu, hakuna upepo wa kutosha wa kubana.

Upana wa silinda nao una hesabu yake. Silinda ya milimita 30 kwa ndani, ikifika psi 60, inadai uzito wa kama kilo 30 juu ya mkono. Ya milimita 38 inadai karibu kilo 48. Kwa tairi la 28 x 1½ la baskeli kubwa zinazobeba nazi na majani ya ng'ombe, linalohitaji presha ya juu hasa nyuma, silinda nyembamba ni rahisi zaidi kwa mwili. Silinda nene inafaa matairi manene ya 26 x 2.1, ambayo psi 35 hadi 40 huyatosha.

Pima kabla ya kufungua

Usifungue bomba kabla ya kuhakikisha kuwa kosa si la valvu ya tairi. Baskeli zetu nyingi kubwa zina valvu ya Dunlop, na ya kizamani ina kimpira kilichovishwa juu ya kijibomba chenye tundu ubavuni. Kimpira kikizeeka hugandia pale tundu lilipo, bomba linakuwa gumu kama limezibwa, na upepo hauendi. Kikipasuka, upepo unaingia na kutoka. Kata kimpira kipya, kilowanishe kwa mate au maji, kivishe kipite tundu, jaribu tena.

Valvu ikiwa salama, ziba mdomo wa hosi kwa kidole gumba na usukume mkono kwa nguvu.

Mkono ukishuka pole pole mpaka chini, na ukasikia pumzi ikitoka juu kandokando ya fimbo, ni washa ya pistoni. Hili ndilo kosa la mara nyingi kuliko mengine yote yakijumlishwa. Mkono ukikataa kushuka, washa ni nzima na kosa liko kichwani au kwenye tairi. Ukisikia mlio kwenye hosi, paka povu la sabuni uone linapochemka. Na kama bomba limeshikwa tairini na mkono unapanda wenyewe kila ukiuachia, upepo wa tairi unarudi ndani ya silinda: valvu ya kitako haifungi.

Kuna kosa moja la kijinga linalosahauliwa. Upepo huingia silinda kupitia nafasi ndogo kati ya fimbo na kifuniko cha juu. Ikizibwa na grisi iliyochanganyika na mchanga, bomba linakosa cha kubana. Futa, kazi imekwisha.

Washa ya ngozi

Fungua kifuniko cha juu. Hufunguliwa kwa kuzungushwa kushoto; kikiwa kimeganda kwa kutu, zungushia kipande cha tyubu kuukuu upate mshiko badala ya kukibana kwa plaizi, maana silinda ikibonyea bomba limekwisha. Vuta fimbo. Mwishoni utakuta washa kubwa ya chuma, kikombe cha ngozi ambacho mdomo wake umeelekea chini, washa ndogo ya chuma ndani ya kikombe, na nati.

Kikombe hicho kinafanya kazi mbili. Ukisukuma, upepo unautanua mdomo wake ukabana ukuta wa silinda. Ukivuta, mdomo unalegea na upepo mpya unapita kandokando kushuka chini. Ngozi ikikauka, mdomo unakakamaa na kunywea, hautanuki tena. Haijafa. Itanue kwa kidole gumba ukiizungusha taratibu, itose mafuta mepesi kwa saa chache, irudishe. Mabomba mengi yanayopelekwa kwa fundi yalihitaji hilo tu.

Mafuta gani? Mafuta ya cherehani yanafaa, na mafuta mepesi ya injini pia. Mafuta ya alizeti usitie, yakikaa hugeuka ulimbo. Mafuta ya nazi ndiyo yanayokimbiliwa zaidi kwa kuwa yapo kila jiko, na kwa dharura si mabaya, ila huanza kuganda yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi. Asubuhi za kipupwe chupa yenyewe hufanya ukungu, na ngozi iliyonyweshwa hayo huwa nzito mpaka jua lipande. Kiasi kiwe kidogo: nusu kijiko cha chai ndani ya silinda kinatosha. Yakizidi, yanasukumwa kupitia hosi mpaka ndani ya tyubu, na mpira wa asili ukikaa na mafuta ya mashine huvimba na kulegea. Kimpira cha valvu ya Dunlop ndicho kinachotangulia kuharibika.

Ngozi iliyopasuka au iliyoliwa mdomo inabadilishwa, na hapa ndipo bomba la chuma linapolishinda la plastiki waziwazi. Washa mpya ikikosekana dukani, inatengenezwa. Kipande kinachobaki kwa fundi wa makubadhi kinatosha, unene milimita 2 hadi 3. Angalia ukingo uliokatwa: ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ni ya kahawia hadi katikati, nayo hushika umbo ikifinyangwa. Yenye ukingo wa kijivu au wa buluu imetengenezwa kwa kemikali ya kromu. Ni laini na nzuri kwa mkoba, lakini kikombe chake hakisimami. Usiipoteze siku yako nayo.

Kipimo: upana wa ndani wa silinda, ongeza kimo cha mdomo mara mbili. Silinda ya milimita 30 na mdomo wa milimita 6 inataka duara la milimita 42. Toboa katikati tundu dogo kidogo kuliko skrubu, ili ngozi iikumbatie. Loweka duara katika maji ya uvuguvugu mpaka liache kutoa vipovu. Maji yasichemke, ngozi itajikunja na kuwa kama mfupa. Kisha lisukume ndani ya kipande cha bomba chenye upana wa ndani sawa na silinda yako, ukitumia kitu cha mviringo kilicho chembamba kwa unene wa ngozi mara mbili. Ngozi ya milimita 2.5 ndani ya milimita 30 inataka kitu cha milimita 25. Liache kivulini mpaka likauke kabisa, si juani. Likishakauka, sawazisha mdomo kwa kisu kikali, upunguze unene wa ukingo kwa upande wa ndani ili ulegee vizuri, ndipo ulitose mafuta.

Wakati wa kurudisha, makosa ni matatu na yote yanaonekana kwa mafundi wenye haraka. Kikombe kikielekezwa juu, bomba linavuta badala ya kusukuma. Nati ikikazwa mno, katikati ya ngozi inabonyea na mdomo unavutwa ndani usiguse ukuta. Na mdomo ukikunjika wakati wa kuingiza, unabaki na mfereji mdogo unaovuja daima, halafu watu husema washa mpya ni mbovu. Ingiza kwa kuzungusha taratibu huku kidole kikirudisha mdomo ndani pande zote.

Kabla ya kufunga, tazama ndani ya silinda kwa tochi ya simu. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na bomba huimeza kila ukivuta mkono. Upepo ukibanwa unapata joto, ukipoa unaacha maji, na maji hayo hubaki chini kwenye kitako. Bomba linalolazwa sakafuni jikoni au kwenye banda la pwani hula kutu kuanzia hapo. Kutu jepesi linaondoka kwa msasa laini, namba 600 kwenda juu, uliozungushiwa kijiti. Kisha futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha, paka mafuta. Kutu lililokwisha kuchimba vishimo halina dawa. Litasaga kila ngozi utakayoweka, na hapo hata sisi tunasema nunua jipya.

Valvu ya kitako

Si mabomba yote ya chuma yanayo. Yale ya bei ya chini kabisa hayana. Yanaitegemea valvu ya tairi izuie upepo usirudi. Kwa valvu ya Dunlop hilo halina taabu. Kwa valvu ya Schrader, ile ya gari na pikipiki, ni udhia, kwa kuwa kichwa cha bomba hukandamiza pini ikabaki wazi na kila msukumo unarudi. Mwenye baskeli ya mtumba yenye valvu hiyo aulize hili dukani.

Pale valvu ilipo, iko hosi inapoingilia kitako: gololi na springi ndogo, au kipande cha mpira. Fungua juu ya sinia, gololi ikidondoka mchangani huioni tena. Mara nyingi ni chembe za mchanga au kutu zilizokaa kwenye kiti cha gololi. Osha kwa mafuta ya taa, futa. Gololi ikiwa imeliwa, fundi baskeli anazo za kipimo: za hapu ya nyuma ni inchi 1/4, za hapu ya mbele inchi 3/16, za shingo ya usukani kwa kawaida inchi 5/32. Kiti cha shaba kilichochakaa hurekebishwa kwa kuweka gololi kuukuu juu yake na kuigonga mara moja kwa upole kupitia kijiti, kisha kuweka mpya.

Hosi na kichwa havina mengi. Hosi hupasuka mwanzoni na mwishoni, mahali inapojikunja; kata sentimita 2, ivishe upya, ikaze kwa klipu. Waya mwembamba hukata mpira, usiutumie. Ikibidi kuweka hosi mpya, iwe yenye nyuzi ndani, ile laini inayopitisha macho huvimba. Kimpira cha kichwa kilichotanuka kigeuze juu chini kwanza. Upande wa pili mara nyingi bado ni mzima, na umeahirisha gharama bila kutoa shilingi.

Na lile linalong'aa?

Pistoni yake haina ngozi, ina oringi, yaani pete ya mpira, ndani ya mfereji. Wazo lake ni zuri: ukivuta, oringi inashuka mferejini na upepo unapita kwenye vijipengo nyuma yake, ukisukuma, inapanda na kuziba. Likiacha kujenga presha, ama oringi imelika, ama mchanga umeingia mferejini. Kusafisha na kupaka grisi ya silikoni kunarudisha mengi. Vaselini watu hupaka sana, na oringi nyeusi ya mpira wa nitrili huivumilia, ila huwezi kujua kwa macho kama ya kwako ni ya mpira huo. Dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu ndiyo mbaya zaidi: inaosha grisi, bomba linateleza siku mbili kisha linakauka kuliko mwanzo.

Tatizo ni kupata oringi. Inabidi ilingane kwa upana wa silinda na kwa unene wa mfereji pia. Nene kidogo tu haisogei, na isiposogea upepo haupiti kushuka. Nenda na pistoni yenyewe kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki, usiende na kipimo cha kichwani. Wapo mafundi wanaozungusha tepu nyeupe ya mabomba ya maji chini ya oringi kuukuu ili itanuke. Mzunguko mmoja au miwili husaidia kwa muda. Ikizidi, tepu inaziba vile vijipengo na bomba haliingizi upepo kabisa.

Kisha kuna yasiyotengenezeka. Baadhi yao silinda imebanwa kwenye kitako moja kwa moja, haina nyuzi za kufungulia. Kitako cha plastiki hupasuka mguu unapokanyagia, na gundi yoyote utakayotia itaachia, kwani kila msukumo unapindisha mahali palepale. Geji hushika kutu mshale ukaganda. Na hata ikiwa nzima, ielewe: inasoma presha ya hosi, si ya tairi. Kwenye valvu ya Dunlop yenye kimpira, upepo unalazimika kwanza kukitanua, kwa hiyo mshale unaonyesha zaidi ya kilichomo tairini. Anayelipa zaidi kwa ajili ya geji, na baskeli yake ina valvu hiyo, amenunua pambo.

Yapo pia mabomba ya ng'ambo yanayokuja na waendesha baskeli wa mashindano na wageni. Rennkompressor ya SKS ya Ujerumani, inayouzwa tangu 1966, ina silinda ya chuma na vipuri vyake huuzwa kimoja kimoja. Na Silca, iliyoanzia Milano mwaka 1917, ilijijengea jina kwa mabomba ya washa ya ngozi, yaani kanuni ileile ya lile la Darajani, ila kwa chuma kilichochongwa vizuri zaidi. Ukiuziwa kuukuu kwa bei ya haki, chukua. Kuagiza jipya kwa ajili ya baskeli ya sokoni hatuoni maana yake.

Dukani fanya hivi. Omba kifuniko kifunguliwe. Muuzaji akikataa, au kikiwa hakifunguki, weka chini. Viringisha fimbo juu ya meza: ikicheza imepinda, na itakula kifuniko na ngozi upande mmoja. Pitisha tochi ndani ya silinda, utafute mshono uliosimama juu. Silinda nyingine ni bati lililokunjwa na kuungwa, na mshono usiposawazishwa hakuna washa itakayoziba. Bonyeza mdomo wa ngozi, uwe laini. Rudisha, ziba hosi kwa gumba, sukuma kwa uzito wako wote, uhesabu mpaka kumi: mkono ukibaki palepale, toa pesa. Katika kupatana bei, usidai punguzo, dai washa mbili za ngozi za akiba. Kwa anayevuka kwenda Mkoani, Pemba, na bomba la plastiki, aongeze oringi mbili za kipimo chake kabla hajapanda boti.